Deni la Majina

Jina ndilo zawadi ya kwanza apewayo mtu duniani, na aghalabu ndilo mali ya mwisho abakiwayo nayo. Maskini asiye na shamba wala ng'ombe ana jina lake kama tajiri alivyo na lake. Akisha kufa, nguo zake zikachakaa na nyumba yake ikaanguka, jina lake huendelea kuishi katika vinywa vya watoto wake. Ndiyo sababu makabila yetu mengi humpa mtoto jina la babu au la nyanya yake, ili aliyeondoka asipotee pamoja na mwili wake. Basi yafaa tujiulize: wale walioondoka bila ya mtu yeyote kuhifadhi majina yao, je, sisi tulio hai tuna deni kwao? Na kama tunalo, hulipwaje deni ambalo mwenye kudai hajulikani?

Labda msomaji atadhani kwamba hili ni swali la wazee waliokaa kivulini wakipitisha mchana. Sivyo. Katika mji wa Nairobi, si mbali na katikati ya mji, kuna mahali paitwapo Kariokor, na watu wengi huenda katika soko lake kununua vyondo na viatu vya ngozi. Katika mji wa Dar es Salaam kuna Kariakoo, ambako umati wa watu hununua na kuuza kutoka alfajiri hata usiku. Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu majina hayo yametoka wapi. Mmoja alijibu kwamba yamkini ni jina la mzee aliyefungua duka la kwanza mahali pale. Mwingine akadhani ni neno la Kihindi. Hakuna aliyewacheka, kwa kuwa hakuna aliyejua jibu lililo bora kuliko hayo. Ukweli ni kwamba Kariokor na Kariakoo ni neno moja, nalo limetokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani jeshi la wachukuzi. Watu waliopiga kambi mahali pale wamesahauliwa; kambi yao tu ndiyo inayotajwa, tena na watu wasiojua kwamba wanaitaja.

Wachukuzi hao walikuwa nani? Mwezi wa Agosti 1914 mataifa ya Ulaya yaliingia vitani, na vita vile vikavuka bahari vikafika kwetu, maana Waingereza walitawala Kenya, na Wajerumani walitawala nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikusudia kuwashughulisha Waingereza wengi iwezekanavyo huku Afrika, wasipate kwenda kupigana Ulaya. Kwa hiyo alipigana huku akirudi nyuma, kutoka nchi ya Kilimanjaro hata bonde la Rufiji, na kutoka hapo akavuka kuingia Msumbiji. Hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji ambao sasa waitwa Mbala katika Zambia, na wakati huo vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha wiki mbili kabla.

Jeshi linalofukuza adui katika nchi pana namna hiyo lahitaji chakula, risasi, dawa na mahema kila siku. Reli zilikuwa chache, barabara za magari karibu hazikuwapo, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe waliopelekwa kuvuta mizigo. Kilichobaki kikawa kichwa na mabega ya mwanadamu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa wa ratili 50 hivi, karibu kilo 23. Na hapa ifanyeni wenyewe hesabu ndogo. Tuseme mchukuzi aliyebeba unga ala ratili 2 kwa siku. Baada ya siku 25 atakuwa ameumaliza mzigo wote, na askari hajapata hata konzi moja. Kwa hiyo kila askari aliposonga mbele, wachukuzi walihitajiwa zaidi; wengine wabebe chakula cha askari, na wengine wabebe chakula cha wachukuzi wenzao. Hivyo ndivyo vita vya askari wachache vilivyowameza wachukuzi wengi kupita kiasi. Waingereza peke yao, katika nchi zote walizochukua watu, walitumia wachukuzi wapatao milioni moja, na zaidi ya 150,000 kati yao walitoka Kenya. Wajerumani nao waliwachukua watu wa upande wao vivyo hivyo.

Mwanzoni walikuwapo waliokwenda kwa hiari, kwa tamaa ya ujira au kwa kutaka kuona nchi. Lakini hiari iliisha upesi. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu, na katika mwaka 1917 ukafanywa msako mkubwa katika wilaya nyingi. Machifu waliagizwa kutoa idadi fulani ya wanaume, na idadi ilipaswa kutimia. Mtu alitoka nyumbani kwenda kuchunga au kulima, asirudi tena.

Wengi wao hawakuuawa na risasi. Watu waliozoea mtama, wimbi au ndizi walipewa unga wa mahindi, ambao mara nyingi haukusagwa vizuri wala kupikwa ukaiva, na matumbo yao hayakuuweza. Watu wa nchi za juu zenye baridi walipelekwa katika mabonde yenye malaria. Katika mvua za mwaka 1917 bonde la Rufiji liligeuka kuwa ziwa, nao wakapita ndani yake na mizigo yao. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa kichomi na kwa njaa. Hesabu ya serikali yenyewe ilikubali kwamba wachukuzi wa Afrika Mashariki waliokufa walizidi 40,000. Na wanahistoria wa siku hizi huamini kwamba wachukuzi wote wa upande wa Waingereza waliokufa wanakaribia 100,000. Baada ya vita afisa mmoja wa Wizara ya Makoloni huko London alisema kwa uchungu kwamba mambo yale hayakuwa fedheha kubwa kwa sababu moja tu: walioteseka zaidi walikuwa wachukuzi, na nani awajali wachukuzi?

Sasa tuangalie walivyotendewa baada ya kufa, kwa maana ndipo swali letu linapoanza. Mwaka 1917 Waingereza waliunda Tume ya Makaburi ya Vita, na sharti lake kuu lilikuwa jema: kila mtu aliyekufa katika utumishi wa vita akumbukwe kwa jina lake, pasipo ubaguzi wa cheo, rangi wala dini. Lakini sharti hilo halikufika kwa wachukuzi. Makaburi yao mengi yaliachwa yakafunikwa na pori, na majina yao hayakuchongwa mahali popote. Mwaka 1923 Guggisberg, gavana wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alipozungumza na wakuu wa Tume hiyo juu ya wafu wa nchi aliyoitawala, alisema kwamba mwenyeji wa kawaida asingefahamu wala kuthamini jiwe la kaburi. Fikira hiyo ndiyo iliyotawala huku kwetu pia. Kadhalika ilikuwako mishahara mingi ya wachukuzi waliokufa, ambayo haikupata wa kuipokea kwa kuwa jamaa zao hawakujulikana. Baadhi ya maafisa waliokuwa Kenya waliomba fedha hizo zitumiwe kwa manufaa ya Waafrika. Serikali ya Uingereza ilikataa.

Mtu aweza kusema kwamba kazi ya kuandika majina ya watu wengi namna ile ilikuwa ngumu mno kwa siku zile. Lakini vita vilipokwisha tu, serikali ile ile ilianza kutekeleza sheria ya kuwaandikisha wanaume wote Waafrika wa Kenya waliotimiza miaka 16. Kila mmoja alipigwa chapa ya vidole, akaandikiwa jina lake, la chifu wake na la bwana wake wa kazi, akavishwa kipande shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Basi kuandika majina kuliwezekana. Jina la mtu hai liliandikwa kwa sababu kazi yake ilitakiwa. Jina la mtu aliyekufa halikuandikwa kwa sababu hakuwa na kazi tena. Huu ndio uovu wenyewe ninaotaka tuutazame: mtu kuhesabiwa kuwa mtu maadamu ana faida, na faida ikiisha, utu wake uishe nao.

Katika miaka ya 1920 sanamu za ukumbusho zilisimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Nairobi bado ipo katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue: watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mchukuzi. Chini yao kuna maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Maandishi hayo yanawaita wachukuzi miguu na mikono ya jeshi, na mwisho yanaahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Msomaji akilizunguka jiwe lile atafute hata jina moja la mchukuzi, hatalipata.

Tuipime ahadi hiyo. Kwanza, walioitoa hawakuwa na haki ya kuitoa, kwa kuwa hawakujifunga wao wenyewe. Waliwafunga watoto wa wale waliokufa, yaani sisi, bila ya kutuuliza. Pili, waliahidi kwamba watoto wangeyakumbuka majina, huku wao waliokuwa na vitabu na makarani hawakuyahifadhi. Je, ahadi ya namna hii yatubana? Mtu akisimama sokoni akatangaza kwamba jirani yake atalipa, jirani hana lazima ya kulipa. Hata hivyo, nasema kwamba deni lipo, si kwa sababu ya maandishi yale, bali kwa sababu lilikuwapo kabla ya jiwe kuchongwa. Kuna hoja nne zinazoweza kutolewa kulikanusha, nasi tuzisikilize kwa haki.

Hoja ya kwanza ni kwamba wafu hawasikii. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Ni kweli kwamba hivyo ndivyo ulimwengu unavyokwenda. Lakini methali hiyo inatuonya jinsi watu wanavyotenda, haituagizi kutenda hivyo. Baba akikuusia jambo naye akafa usiku huo, wosia wake haufi kwa kuwa masikio yake yameziba. Mtu mwaminifu hujulikana hasa kwa jinsi anavyomtendea yule asiyeweza kumdai. Kumlipa mwenye nguvu anayegonga mlango ni busara tu. Haki huonekana pale ambapo hakuna anayegonga.

Hoja ya pili ni kwamba wachukuzi hawakuwa mashujaa. Hawakuchagua vita, hawakujua chanzo chake, na nchi waliyoambiwa wanaipigania ilikuwa mikononi mwa mtawala mgeni. Kwa nini basi tuwaheshimu? Hoja hii ina nguvu, nami nakubali nusu yake. Lakini yapasa tutofautishe kumbukumbu za namna mbili. Iko kumbukumbu ya sifa, nayo ni ya waliotenda makuu. Na iko kumbukumbu ya haki, nayo ni ya kila aliyedhulumiwa, awe hodari au mwoga. Hakimu hamwiti mlalamikaji kwa jina lake kwa sababu ni shujaa, bali kwa sababu ana haki. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tena tukiwafanya wachukuzi kuwa mashujaa wa kubuni, tukawatia vinywani maneno ya ushujaa wasiyoyasema, tutakuwa tumewatwika mzigo mwingine ili tujifurahishe wenyewe. Wengi wao walitamani jambo moja tu, nalo ni kurudi nyumbani. Hilo latosha kwetu, kwa kuwa ni jambo la kibinadamu.

Hoja ya tatu ni kwamba kuyafukua mambo haya kutaleta chuki. Ingekuwa hivyo kama tungelisimulia kwa uwongo, tukaweka lawama yote upande mmoja. Lakini ukweli ukisemwa wote hautuachi na kiburi cha kumchukia mtu. Wageni ndio waliotoa amri, na lawama kubwa ni yao. Hata hivyo mikono iliyowakamata watu vijijini mara nyingi ilikuwa mikono ya ndugu zao. Na chifu alipotakiwa kutoa watu, hakuanza na wanawe, alianza na mnyonge, na mgeni, na mtoto wa mjane. Na baada ya uhuru wa mwaka 1963, sisi wenyewe tuliandika habari za viongozi waliosimama majukwaani na za wapiganaji waliokamata silaha, jambo lililo jema; lakini mchukuzi hakupata ukurasa wake, kwa kuwa hakutoa hotuba wala hakukamata bunduki. Mwaka 2021 Tume ile ya Makaburi, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na yamkini kufika 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi. Radhi hiyo ilichelewa karibu miaka 100, lakini ilitolewa. Sisi wenyewe tumekwisha kuomba yetu?

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote: majina yamepotea, na lisilojulikana halisemeki. Hapa sina budi kukiri kwamba sehemu kubwa ya deni hili haitalipika kamwe. Lakini mtu aliyeokota mkoba wa fedha njiani, akamtafuta mwenyewe asimwone, hawi mwenye mali ile kwa sababu hiyo. Humpasa kuitangaza, na kukubali kwamba kilicho mkononi mwake si chake. Vivyo hivyo, asiyeweza kulitaja jina aweza angalau kusema kwamba jina lilikuwako. Aweza kukataa kusema "wachukuzi 40,000" kama mtu anayehesabu magunia, akakumbuka kwamba kila mmoja alikuwa na mama aliyemwita kwa jina. Mwaka 1918 mvua ilikosekana katika sehemu nyingi za Kenya, njaa ikaingia, na mafua makali yakafuata; wake na watoto walingoja mikono ya kuwasaidia shambani, na hakuna mjumbe aliyekuja kuwaambia wasingoje tena.

Na si majina yote yaliyopotea. Mengine yamo nyumbani mwenu ninyi mnaosoma maneno haya. Pengine kijana mmoja wenu ana jina la baba wa babu yake, ambaye husemwa tu kwamba alikwenda Kariakoo asirudi. Mzee anayejua habari hiyo akifa, itakuwa imekwisha. Basi ukienda likizo, mwulize. Uliza jina kamili, ukoo, kijiji, na kama alirudi au hakurudi. Liandike kama jamaa wanavyolitamka, si kama karani fulani alivyodhani amelisikia. Usiongeze neno lisilosemwa, na palipo na shaka andika kwamba pana shaka. Kazi hiyo haihitaji fedha wala cheo. Yahitaji daftari na subira.

Lakini naogopa tukidhani kwamba tukiwakumbuka wachukuzi wa zamani tumemaliza kazi. Uovu niliousema, wa kumhesabu mtu kwa faida yake tu, haukuzikwa Rufiji. Mtu aletaye maji shuleni kwenu, afagiaye darasa kabla hamjaamka, apakuaye chakula chenu kila mchana, jina lake nani? Kama mmekaa naye miaka mitatu nanyi hamlijui, basi msiwashangae sana wale walioacha makaburi yafunikwe na majani. Walianza hivyo hivyo, kwa kuona mzigo wasimwone mbebaji.

Ahadi iliyoandikwa chini ya sanamu ilitolewa kwa niaba yetu na watu wasioitimiza sehemu yao. Hatukuitoa sisi, wala hakuna atakayetushtaki tukiivunja. Hata hivyo twaweza kuipokea kwa hiari yetu, jambo ambalo wengi wa wale waliokufa hawakuruhusiwa kulifanya katika safari yao. Anza na jina moja tu. Kama huna la mchukuzi, anza na la yule anayekupakulia chakula.